Kilima Kwenye Sinia

Jumamosi asubuhi, baada ya kufua na kabla ya jua kufika kwenye roshani, fundi wa meno alikuwa anazungushia waya tawi la mvinje. Mvinje wenyewe ulikuwa na urefu wa kiganja na umri wa kijana wa kutafutiwa mchumba. Alilikunja tawi polepole, kwa ncha za vidole, lielekee upande ambao upepo ungelisukuma kama mti ule ungekuwa umeota juu ya kilima cha kweli. Lilipokubali, akalikata sindano mbili tatu kwa mkasi wa kucha, akarudi nyuma hatua moja, akatazama. Kilima kilikuwa kimekaa vizuri. Kilijaza karibu sinia lote la saruji alilolimimina mwenyewe, pana kama meza ya watu wawili, na kilikuwa na miamba, kuvu la kijani kama zulia, njia nyembamba ya kupandia, na upande mmoja mkavu, mwinuko, uliochimbwa.

Wenye ujuzi wanaita miti hiyo bonsai. Jirani wa ghorofa ya chini aliiita miti iliyokataa kukua, na alikuwa na maneno yake kuhusu mwanamke anayekaa peke yake akilea vitu vya namna hiyo.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki. Alishinda na nta, plasta na visu vidogo, chini ya taa yenye shingo ndefu. Wagonjwa walimjua daktari, walimjua na binti wa mapokezi. Yeye walitafunia kazi ya mikono yake tu. Mume wake alikuwa mmoja wa wachache waliomwona. Alikuja na pengo la mbele, akakataa kuondoka mpaka aonyeshwe atakayemtengenezea jino. Wakati huo fundi alikuwa bado anajifunza kulinganisha rangi, na jino likatoka jeupe kuliko wenzake wote kinywani. Alipotaka kumtengenezea jingine yule bwana akakataa. Akasema afadhali hilo, watu wakiliona watajua ana mtu wake. Wakaoana mwaka uleule.

Mume alikuwa kibarua kwenye machimbo ya mawe, juu ya kilima kilichokuwa nyuma ya mtaa wao wa zamani. Siku moja alikwenda kazini na hakurudi. Siku hiyohiyo upande uliochimbwa uliporomoka. Kampuni ilisema ni bahati nzuri kwamba hapakuwa na mtu, kwa kuwa kazi ilifungwa siku ile na kibao kilitundikwa getini, kila mwenye macho alikiona. Wale ambao hawakuonekana majumbani mwao watakuwa wamejiendea zao. Vibarua ni watu wa kuhamahama. Hakuna aliyefukua. Mawe yaliyoanguka yalipakiwa kwenye malori baadaye, taratibu, pamoja na udongo wake, na yale ya chini kabisa yakaachwa yakafunikwa.

Ikawa basi kwamba mume wa fundi ametoroka. Mtaa ulimtafutia na mwanamke wa kutoroka naye: mrefu, mweupe, muuza vitambaa. Watu waliapa kwamba wamewaona wawili hao stendi ya mji mwingine, wamebeba begi moja. Wifi yake, dada wa mume, hakusema habari za muuza vitambaa. Alisema tu kwamba mwanamume hakimbii nyumba yenye maneno matamu, akalisema mbele ya watu, kisha hakumsemesha fundi miaka yote iliyofuata.

Fundi wa meno akabaki hana jina. Hakuwa mjane wala mtalaka. Hakupewa pole, maana pole hupewa aliyefiwa. Hakupewa talaka, maana wa kuitoa hayupo. Watu walipomuuliza mzee yuko wapi, alisema yuko kazini, na kwa kuwa alisema hivyo kwa macho makavu, wakaacha kumuuliza. Akahamia mjini kwenye ghorofa. Kilima chenyewe kilikwisha. Mawe yake yalikwenda kwenye barabara na misingi ya majumba, na pale kilipokuwa pakajengwa maghala. Huenda kila siku alikanyaga kipande chake akienda kazini, hawezi kujua.

Muuza miche wa sokoni, mama mwenye sauti ya kukwaruza, ndiye aliyemfundisha. Jumapili aliwakusanya wateja wake kwenye uwanja wa nyuma, akawaonyesha kukata mizizi, kufunga waya, kupanga mawe yaonekane kama milima. Akawaambia kila mmoja atengeneze mahali anapopajua hata akifumba macho. Wenzake wakatengeneza maporomoko ya maji waliyoyaona kwenye kalenda. Yeye akatengeneza kilima, kama kilivyokuwa, na mivinje yake mitatu ya juu. Miti ilihitaji miaka kushika umbo, na miaka alikuwa nayo.

Jumatatu baada ya ile Jumamosi, akiwa ameshavaa kwenda kazini, aliona mstari wa sisimizi kwenye njia ya kupandia. Sisimizi wangekula mizizi. Akainama awapulizie, akaona wamevaa mashati. Akatoa mkobani lenzi yake ya kazini, ile ya kukagulia ufa kwenye meno.

Walikuwa wanaume, kila mmoja mdogo kama punje ya mtama, na sururu na makoleo begani. Walipanda bila haraka, kama watu wanavyopanda kwenda kwenye kazi wasiyoipenda. Wa nyuma kabisa alikuwa mume wake. Alimjua kwa mguu wa kushoto aliozoea kuutupa pembeni, na alipogeuka kuzungumza na mwenzake jino likang'aa. Kumbe rangi haikuwa mbaya kama alivyokumbuka, ilizidi kidogo tu.

Alimtazama mpaka akapotea nyuma ya mwamba. Kisha akafunga mlango akaenda kazini, maana kulikuwa na seti ya mzee mmoja iliyotakiwa mchana.

Wiki nzima ilikuwa hivyo. Asubuhi walipanda, naye alisimama juu yao akiwa amevaa, mkoba begani, akishusha pumzi kwa pua. Hakuthubutu kusema neno. Upande uliochimbwa ulikuwa udongo mkavu alioubana kwa kijiko, na aliogopa hata kukohoa. Jioni alipofika hakukuwa na mtu kwenye njia, na chini ya ule upande aliona lundo dogo la udongo ambalo asubuhi halikuwapo. Asubuhi iliyofuata lundo liliondoka, upande ukawa mzima, na wanaume wakapanda.

Jumapili alivuta kiti akakaa mpaka alichokiogopa kikatokea. Kabla ya adhuhuri udongo uliachia. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayemimina mchele sahanini. Vumbi likapanda likafika kwenye goti lake. Lilipotulia, makoleo yalikuwa hayaonekani, na watu hawakuwapo.

Mtu mmoja alikuwa amesimama kando, karibu na geti na kibanda ambavyo fundi hakuvitengeneza, amevaa kofia ngumu. Aliliangalia lundo. Akaingia kibandani, akatoka na kipande cha ubao, akakitundika getini, akakinyoosha kwa sababu kilikaa upande. Fundi alisogeza lenzi. Kibao kilisema: LEO HAKUNA KAZI. Mwenye kofia akafunga geti, akapanda gari, akaenda zake akikata kona pale sinia lilipoishia.

Fundi wa meno akakaa pale mpaka jua likageuka. Halafu akanyanyua simu, akapiga namba ambayo hakuwa ameipiga miaka mingi.

"Wifi," alisema, "kaka yako yuko kwangu."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za vyombo, kisha vyombo vikanyamaza.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Mzima?"

"Asubuhi huwa mzima."

Wifi alifika kesho yake kulipopambazuka. Alikuwa amenenepa na amechoka, na kupanda ngazi kulimmaliza pumzi. Kwapani alibana shati jipya la kiume, bado limekunjwa kwenye karatasi. Fundi akampokea mkoba, akamketisha, akampa lenzi, akamwonyesha mahali pa kuangalia. Wifi akaangalia.

"Amekonda," alisema.

"Ndivyo alivyokuwa."

"Nilikusema vibaya kwa watu."

"Najua."

"Kwa watu wengi, wifi. Hata kwa watu wasiokujua."

"Najua. Angalia sasa, anakaribia mwamba. Ukichelewa hutamwona tena mpaka kesho."

Wifi aliangalia mpaka mwamba ukamficha kaka yake. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti ya chini, na mwenzake akamshika bega. Fundi hakwenda kazini siku ile; walingoja pamoja. Udongo ulipoachia, wifi hakufumba macho. Aliona na kibao kikitundikwa. Aliuliza yule mwenye kofia ni nani, akaambiwa ni msimamizi, ambaye sasa ni meneja na ana tumbo.

Alilala palepale, kitanda kimoja na fundi, kama walivyolala enzi za harusi. Asubuhi aliamka na wazo. Akamwambia fundi kwamba ana vibano vya kila aina, vya kushikia vitu vidogo kuliko mtu; amtoe. Amnyanyue tu kwa shati kabla hajafika juu. Fundi akamweleza kwamba ameliwaza hilo tangu siku ya kwanza. Vibano vyake vimetengenezwa kushika meno, na jino halivunjiki mbavu. Mara ngapi amebana kitu chembamba akasikia kimesema *tik*.

"Basi mzibie njia," wifi akasema.

Hilo hakuwa amelifikiria. Alinawa mikono, akakata ukucha, akalaza kidole chake cha pete katikati ya njia ya kupandia, mahali ilipobana kati ya mawe mawili. Wanaume walifika wakasimama. Walishauriana. Mmoja akakigonga kidole kwa mpini wa koleo, na fundi akasikia kama kuchomwa na unywele. Ilionekana wameamua kwamba ni gogo limeanguka usiku, maana walianza kulipanda, mmoja anampa mwenzake mkono, wanapokezana vifaa. Walikuwa watu waliozoea kazi, na walikuwa wanaogopa kuchelewa kuliko walivyoogopa gogo.

Mume wake alikuwa wa mwisho. Alipofika juu ya kidole alikaa, akavua kiatu, akakikung'uta kokoto. Kwa muda ule mkono wake mmoja aliuegemeza kwenye ngozi, karibu na kifundo, pale zamani palipokuwa na pete. Mkono ulikuwa wa moto. Fundi hakupumua. Wifi aliyekuwa na lenzi alisema kwa kunong'ona kwamba anapiga mluzi. Kisha yule bwana akavaa kiatu, akaruka upande wa pili, akawakimbilia wenzake akitupa mguu wake pembeni.

Walipokuwa wameshapita wote, fundi aliondoa kidole. Kilikuwa na vumbi. Hakukinawa siku ile, na meno aliyoyatengeneza yalitoka na doa dogo ambalo daktari alilalamikia.

Wifi ndiye aliyeshikilia kwamba serikali ijulishwe. Alikwenda mwenyewe ofisi inayohusika na machimbo, akakaa kwenye benchi mpaka wakamchoka, na afisa mmoja akaja. Alikuwa bwana mstaarabu mwenye koti. Alivua viatu mlangoni ingawa hakuombwa, akasifu mivinje, akasema mke wake naye anapenda maua. Akapewa kiti na lenzi. Aliangalia tangu wanaume walipoanza kupanda mpaka geti lilipofungwa, na katikati hakunyanyua kichwa hata mara moja, ila alipoomba maji.

"Hawa ndio wenyewe," alisema alipomaliza. "Sina ubishi. Mmoja wao nilisoma na mdogo wake."

"Basi andika," wifi akasema.

"Niandike nini, mama? Faili linasema palikuwa na kibao getini. Na kibao nimekiona."

"Kimetundikwa baada ya watu kufa. Umekaa hapo umeona kwa macho yako."

"Nimeona. Lakini faili haliulizi kilitundikwa lini. Linauliza kama kilikuwapo." Akarudisha lenzi kwa mikono miwili, kwa adabu. "Na kwa kweli, dada zangu, sasa mmetupa ushahidi wa pili kwamba kilikuwapo."

Wakati anavaa viatu alimshauri fundi apunguze mwinuko wa upande ule, maana kwa macho yake ya kitaalamu haukuwa salama. Akawashukuru kwa maji.

Wifi alitaka kumfuata ngazini amwambie ya moyoni, fundi akamzuia kwa kumgusa mkono tu. Ila ushauri aliufuata. Wiki ile yote, jioni, alipunguza mwinuko. Aliondoa udongo wa juu, akatia kokoto, akapandikiza kuvu lishike, akapitisha waya chini yake kama anavyopitisha kwenye fizi za plasta. Upande ukawa mlalo kama mgongo wa ng'ombe, mtoto angeweza kuuteleza kwa makalio asiumie. Asubuhi wanaume wakapanda. Kabla ya adhuhuri ulianguka.

Wifi aliwajulisha ndugu wa wale wengine, na kwa muda nyumba ilikuwa na watu. Walikuja asubuhi na mapema, wakapokezana lenzi, kila mmoja akimtafuta wake. Mama mmoja alimwona mwanawe akafurahi kwamba alikuwa ameshiba siku ile, alimjua kwa alivyokuwa akitembea. Walizungumza kwa sauti za chini, wakasaidiana kushuka ngazi. Fundi aliwapikia chai katika sufuria kubwa aliyoinunua kwa ajili hiyo. Lakini watu wana kazi, na mabasi ni ghali, na kumwona mtu wako akienda kulekule kila asubuhi ni jambo linalochosha moyo. Wakaanza kuja Jumapili tu. Wakaanza kuagiza salamu. Wa mwisho kuja alikuwa wifi mwenyewe, mpaka magoti yakamshinda ghorofa tatu, na tangu hapo akawa anapiga simu kuuliza, "Ameamkaje?" naye akijibiwa kwamba ameamka salama.

Lile shati jipya aliliacha. Lilikaa kwenye kiti.

Jirani wa chini naye alipandishwa siku moja akaonyeshwa. Aliangalia, akakubali kwamba ni kweli, bwana yule hakutoroka, alikosewa sana. Jioni fundi alipopita mlangoni kwake alimsikia akimwelekeza mgeni: panda, mkono wa kulia, kwa yule mama aliyekimbiwa na mume. Ulimi ulikuwa umeshazoea njia hiyo.

Kwenye sinia, chini ya kilima, kulikuwa na nafasi tupu ambayo fundi hakuwahi kujua aiwekee nini. Muuza miche alimshauri bwawa. Yeye akajenga nyumba. Alichonga kuta kwa plasta ya meno, chumba na sebule, mlango upande wa barabarani, akakata bati la paa kutoka kwenye kopo la maziwa. Mbele akachomeka vijiti viwili, akafunga uzi kati yake. Ilikuwa nyumba yao ya zamani, ila dirisha halikuwa sawa. Mikono yake ilikuwa imeanza kupungua uthabiti.

Asubuhi moja alikuta mlango uko wazi na uzi umejaa nguo.

Mwanamke alitoka na beseni. Alikuwa kijana, ana kiuno, amefunga kitambaa kichwani kwa haraka ya mtu anayechelewa kazini. Fundi alimtazama bila lenzi kwanza, halafu kwa lenzi. Alikuwa amesahau kwamba yeye mwenyewe aliwahi kutembea wima namna ile. Nguo alizozianika nyingi zilikuwa mashati ya kiume, yaliyofuliwa bila kuvaliwa, kwa sababu ya vumbi la kukaa, ili mwenyewe akirudi ayakute safi. Wanawake wawili walipita barabarani na ndoo. Walipofika usawa wa nyumba waliacha kuzungumza, na walipoipita wakaendelea. Mwanamke kijana aliyaona hayo akaendelea kubana nguo.

Akawa yuko pale kila siku. Wanaume walipopanda alikuwa ndani bado. Udongo ulipoachia alikuwa uani, mgongo ukielekea kilima, akisugua sufuria. Jioni alikaa mlangoni, akitazama barabara ya kwenda mjini, ile ambayo watu walimwambia mume ameifuata. Kilima alikuwa amekipa kisogo.

Fundi alivumilia. Alijiambia kwamba hayamhusu, kwamba yule naye atayapitia kama yeye alivyoyapitia. Lakini Jumapili moja mchana, vumbi lilipokuwa limetulia na geti limefungwa, na mwanamke kijana ametoka kuketi mlangoni mapema kuliko kawaida, akiwa na viganja vyake usoni, fundi alishindwa. Udongo ulikuwa umeshaanguka; sauti isingeuangusha tena. Aliinama juu ya paa la kopo mpaka kivuli chake kikafunika ua wote.

"Hakukuacha," alisema. "Hakwenda popote. Yuko hapo juu, nyuma yako."

Mwanamke kijana alinyanyua uso. Aliangalia juu, upande huu na upande ule, akanyoosha kiganja mbele yake kama anayepima mvua. Kisha akasimama, akachukua beseni, akaanza kuanua nguo, akianza na mashati.

Fundi wa meno alimngoja. Yule kijana aliyakunja moja moja, mikono ndani, kola juu, hakuharakisha ingawa aliamini kwamba muda ni mdogo. Lilipoingia la mwisho na mlango ukafungwa, fundi alichukua chupa ya kupulizia, na kwa kuwa udongo ulikuwa mkavu kweli, akanyeshea kilima chote, na barabara, na paa.